Mirongo: tunasubiri mvua

Habari za jioni wanakikundi. Zamu ya kupima uchafu wa maji ya Mto Mirongo, hapa Mwanza, ipo palepale, ila safari hii tunatoka mvua ikianza tu. Maji ya mwanzo ndiyo yanayokokota oili chafu ya gereji, vinyesi na mchanga kutoka mitaroni hadi Ziwa Victoria. Ukichelewa, uchafu mwingi umeshapita.

Chota darajani, kisha mto unapoingia ziwani. Mdomo wa chupa uelekee maji yanakotoka, usiushike kwa ndani. Sampuli za bakteria zikae kwenye barafu, zifike maabara ndani ya saa 6. Andika saa na rangi ya maji. Buti za mpira ni lazima, kichocho kipo. Na jamani, chupa za soda hapana!