Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Bustani, Mombasa

Ndugu wanachama, assalamu alaykum, na nyote hamjambo.

Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena kwenye mkutano mkuu. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu tunawaombea, na familia zao tunazipa pole kwa mara nyingine.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia mbiombio. Tuligawana mbegu za mchicha na bamia kabla ya masika, tukapanda miarobaini na midimu shuleni, tukatembea Haller Park kule Bamburi, na tukahudhuria harusi na matanga ya wanachama kama ilivyo ada. Bustani ya zahanati tuliifyeka mara mbili. Mengine yote yamo katika kumbukumbu za katibu, na daftari liko wazi kwa atakaye kulisoma.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni lile waridi la rangi ya machungwa, ambalo chama kilinunua miche yake mwaka huu na kuwagawia wanachama. Najua yaliyosemwa barazani na yaliyoandikwa kwenye kundi letu la simu: kwamba mwenyekiti amechukua pesa za chama akanunua maua ya bara yasiyonukia, ilhali mama zetu wanataka waridi la kutia kwenye kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia. Maneno haya yamenifikia yote, nami nayajibu leo mbele yenu.

Kwanza, uamuzi haukuwa wa mtu mmoja. Kamati ilikaa, ikajadili, ikapiga kura, na kumbukumbu zimetiwa sahihi. Mkutano wa wanachama uliopaswa kuzungumzia jambo hilo ulitangazwa wiki mbili mbele. Waliokuja hawakujaza hata viti vya safu mbili. Asiyefika kwenye kikao hawezi kusema hakuulizwa.

Pili, tuangalie nyumba zetu. Waridi letu la zamani, lile jekundu la kufifia lenye harufu, halina mfano kwa kikuba, na hakuna aliyeambiwa aling'oe. Lakini linataka nafasi. Linarefuka kumpita mtu, linatanda, na miiba yake inashika kanga za kila apitaye. Wengi wetu hatuna tena ua wa kulitosha. Walioko Tudor na Ganjoni wanaishi ghorofani na roshani ya kutosha viti viwili. Majengo na Kisauni ua ni wa kuanikia nguo. Waridi tulilolileta ni fupi, linafika usawa wa goti au paja, linajikusanya lenyewe, na linamea kwenye chungu cha upana wa sentimita 40. Petali zikichoka zinapukutika zenyewe, kwa hiyo mtu hashindi na mkasi. Likitunzwa, hutoa maua kwa mafungu, likapumzika wiki chache, likatoa tena. Mama mwenye kazi na wajukuu anahitaji ua la namna hiyo.

Asumini, rihani na kilua bado zipo kwa ajili ya kikuba, wala waridi hili halikuja kuzitoa mahali pake. Limekuja kupendezesha mlango.

Tatu, kuna waliodai rangi ile imetiwa dawa. Hapana. Rangi za machungwa na njano kali kwenye mawaridi ya bustani zilipatikana kwa kuzalisha mbegu. Mfaransa Joseph Pernet-Ducher, wa mji wa Lyon, alichanganya mawaridi ya kwao na waridi la njano la Uajemi, na mwaka 1900 akatoa aina aliyoiita Soleil d'Or. Mengi ya rangi hizo tuliyo nayo leo yana asili hiyo. Ila pamoja na rangi yalirithi udhaifu: yanashikwa upesi na ukungu wa madoa meusi. Ndiyo sababu nilisisitiza tusiokote mche wowote wa machungwa barabarani. Tuchukue aina zilizozalishwa karibuni kwa kuchaguliwa ustahimilivu. Wafanyabiashara walitaka kutuuzia za bei nafuu. Nilikataa, na mweka hazina ni shahidi.

Sasa nije kwa waliolalamika kuwa miche yao imedhoofika. Mawaridi ya Kenya yanayouzwa Ulaya yanalimwa Naivasha na sehemu nyingine za nyanda za juu. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na usiku huko ni wa baridi. Sisi tuko pwani, kwenye joto, unyevu na chumvi, juu ya mawe ya matumbawe. Mwaridi unaishi hapa, lakini kwa masharti, na masharti hayo niliyaeleza siku ya kugawa miche.

Mwanachama mmoja wa Mji wa Kale aliniletea tawi ambalo majani yake machanga yalikuwa manjano na mishipa imebaki kijani, kama mchoro wa wino. Akasema mche ni mbovu. Nikaenda naye hadi kwake. Chungu kimeegemezwa ukutani, ukuta wa zamani wa matumbawe, na chokaa yake inabanduka na kudondoka ndani ya chungu kila upepo ukivuma. Udongo wenyewe ulichimbwa uani, mweupe kwa vipande vya mawe. Mwaridi unataka udongo wenye uchachu kidogo. Ukikutana na chokaa nyingi hauwezi kuvuta madini ya chuma hata kama yamo. Tuliumwaga udongo ule, tukatia udongo mwekundu, mboji na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, tukakisogeza chungu mbali na ukuta. Majani yaliyofuata yalitoka kijani. Mche haukuwa na kosa.

Wengine wanamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, na kingo za majani zinaungua. Maji ya mkokoteni ni ghali, nakubali, lakini wakati wa masika na vuli paa zetu zinamwaga maji matamu barabarani bure. Kinga pipa. Halafu mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Ukungu wa madoa meusi unahitaji jani libaki na maji kwa takriban saa 7 ili uote, na anayemwagilia juu ya majani magharibi anaupa usiku kucha. Majani yenye madoa yaokoteni, msiyaache chunguni. Kaskazi ikikausha hewa, tazameni chini ya majani kama kuna utitiri, mnyunyize maji asubuhi yakauke na jua. Hapo ndipo pekee ninaporuhusu kulowesha majani.

Na tafadhali, chipukizi linalotoka chini ya kiungo, pale mche ulipounganishwa na mzizi, likatwe pale pale shinani. Hilo ni la mwaridi wa mwitu uliotumika kama mzizi. Kuna nyumba nilikuta fimbo ndefu yenye miiba imemeza mche wote, na mwenyewe anauliza maua yako wapi.

Kuhusu vijana waliotaka kukata vipande wavizalishe na kuviuza Marikiti: niliwazuia, na ningewazuia tena. Aina nyingi mpya zina haki za mzalishaji, ambazo kwetu zinasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, na Kenya imo katika UPOV, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, tangu 1999. Kuuza bila idhini kungekitia chama matatani. Hasira zao nimezibeba, lakini jina la chama ni safi.

Hesabu ni hizi. Tulianza mwaka na shilingi 22,300, tukakusanya ada 61,400 na harambee 18,500, jumla 102,200. Miche 90, usafiri wake, vyungu na udongo vilichukua 51,700. Ukumbi na mahema 12,000, rambirambi 15,000, mengineyo 8,900. Zimebaki 14,600. Tuko wanachama 58, ada ni 200 kwa mwezi, kwa hiyo tulipaswa kupata 139,200. Yaani shilingi 77,800 ziko mifukoni mwenu, ndugu zangu. Wanaouliza kwa nini pampu haikutengenezwa, jibu liko hapo. Baadhi ya wanaodaiwa ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni siku ya kugawa miche, na hakuna aliyerudishwa mikono mitupu, kwa sababu nilisema chama ni undugu. Gharama za simu na nauli za kufuatilia miche hiyo nimelipa mwenyewe wala sijaleta risiti.

Mahudhurio yananiuma zaidi kuliko pesa. Mikutano mingi tulikaa kumi na kitu. Viongozi wanapanga viti, chai inapoa, kisha jioni simu zinajaa maoni ya watu ambao hawakuja. Mama zetu wawili wazee wanavuka feri kutoka Likoni na hawajakosa hata mkutano mmoja. Nawashukuru mbele yenu.

Mwaka ujao, inshallah, tunatarajia kuwa na kitalu chetu, tukipata mahali. Tungependa pia kuona vyungu vya rangi ya machungwa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, na huenda kaunti ikatusaidia maji. Waridi la harufu kwa ajili ya vikuba tutalitafutia nafasi pia, kamati ikikaa.

Miche 7 imebaki kwa katibu. Watapewa waliomaliza ada, na kupogoa kwa baada ya masika nitakuonyesheni mwenyewe siku ya kuichukua.