Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama cha Wakazi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za kutenganisha taka za jengo letu ili zitumike upya mnazijua, sitawachosha. Mapipa ya rangi yamewekwa chumba cha taka cha chini, mabango yamebandikwa kwenye lifti, siku za usafi zimefanyika, watoto wamechora picha zao. Makopo ya alumini ndiyo yaliyokwenda vizuri kuliko vyote, wala si ajabu: kuyeyusha alumini iliyokwishatumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini, kwa hiyo mnunuzi huyafuata mwenyewe bila kubembelezwa. Namshukuru katibu kwa kazi nzuri.

Sasa niingie kwenye jambo lililofanya jina langu litafunwe mwaka mzima, yaani kufungwa kwa bomba la taka, lile ambalo kila ghorofa ilidondoshea taka zake hadi chini.

Yuko aliyeandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba mwenyekiti amelifunga kwa siri. Kumbukumbu za kikao zipo kwa katibu, anayetaka akazisome. Uamuzi ulikuwa wa kamati, akidi ilitimia, na tangazo lilikaa kwenye lifti mwezi mzima kabla fundi hajaja. Kila mtu hapa anapanda lifti hiyo.

Bomba lile, ndugu zangu, kila kinachoingia humo kinaishia pipa moja. Mkazi wa ghorofa ya tatu anafunga magazeti yake kwa kamba vizuri kabisa, anayasukuma. Punde wa ghorofa ya saba anaachia mfuko wa mabaki ya chakula, unapasuka njiani, na juu yake inashuka chupa ya kioo inayovunjika vipande vipande. Kioo kinaweza kuyeyushwa na kutengenezwa upya mara zisizo na idadi, lakini si kikiwa kimejichimbia ndani ya nepi. Karatasi ndiyo dhaifu zaidi: nyuzi zake hufupika kila inaposagwa upya, na ikishalowa mchuzi hakuna anayeitaka. Mkusanyaji alikuwa akifunua pipa letu, anachungulia, analifunika, anakwenda zake. Mimi nilikuwapo, nikavaa glavu na kuchambua kwa mikono yangu huku waliopita wakiziba pua. Silisemi hili kwa kujisifu, ila watu wanasahau haraka.

Wapo waliotaka mapipa yawekwe kila ghorofa. Hoja hiyo ina uzito na sikuwahi kuipuuza, kwa sababu pipa likiwa karibu na mlango watu hutenganisha zaidi. Lakini korido na ngazi zetu ndizo njia za kukimbilia moto ukitokea, na maboksi makavu yaliyorundikwa hapo ni kuni zinazosubiri kiberiti. Kwa wazee na wenye shida ya miguu tuliomba vijana wajiandikishe kuwabebea. Karatasi ya kujiandikisha bado imebandikwa, na nafasi zilizo wazi ni tele.

Kwa anayeona tumemwonea, Korea Kusini, ambako wengi wanaishi maghorofani, tangu 1995 mkazi hununua mifuko maalumu ya kutupia taka, na siku hizi katika majengo mengi mashine hupima mabaki ya chakula ya kila nyumba ili ilipie kwa kadiri inavyotupa. Sisi tumewaomba mshuke chini tu.

Kuhusu plastiki mnazotenganisha kisha wanunuzi wakazikataa, lawama hiyo si ya kamati. Geuzeni kopo mtazame kitako: namba iliyo ndani ya pembetatu inataja aina ya plastiki, haiahidi kwamba itachakatwa. Zenye namba 1 na 2, kama chupa za maji na madumu ya sabuni, kwa kawaida hupata mnunuzi. Nyingine mara nyingi hazipati, hata uzioshe zing'ae.

Nije kwenye ada, na hapa nasema kwa masikitiko. Nyumba 84, zilizolipa yote 29, zilizolipa nusu 11, zilizobaki hazijatoa kitu. Mkutano wa katikati ya mwaka ulihudhuriwa na watu 13, kamati ikiwemo. Mpangaji anasema ada ni ya mwenye nyumba; mwenye nyumba anasema taka si zake. Kila mpangaji mpya akihamia tunaanza somo upya, na anayemfundisha mara nyingi ni mimi. Nimeona pia kwamba wenye sauti kubwa kwenye kundi ni nadra kuwakuta kwenye daftari la mweka hazina. Mauzo ya makopo na maboksi hayawezi kubeba chama; hata glavu za mchambuzi wa taka zimetokana na ada za hao wachache.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuanza kutengeneza mboji kutokana na mabaki ya chakula, pengine juu ya paa, tukipata mahali na mtu wa kuisimamia. Kuna fikra pia ya kuwa na mjumbe kila ghorofa. Tutaona.

Mwisho, baadhi ya wanachama wameleta hoja kwamba bomba lifunguliwe, na itapigiwa kura leo baada ya taarifa ya fedha. Kwa mujibu wa katiba yetu wanaopiga kura ni waliolipa ada. Mweka hazina amekaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti