Chrome sio intaneti yenyewe

Mhariri,

Niko Kondele hapa Kisumu, na kompyuta yangu ni ya zamani, ramu jigi 4 tu, mwaka jana niliitoa Windows nikaweka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na inakimbia vizuri. Shida ni vijana wa saiba, kila mtu wanamwambia aweke Chrome, kivinjari cha Google cha kufungulia saiti, eti bila hiyo huingii mtandaoni. Si kweli jamani! Firefox ya Mozilla, nayo ni kivinjari, iko tangu 2004 na Mint huja nayo tayari, hudaunlodi kitu.

Mimi nimebaki nayo sababu ya matangazo, maana bado inakubali uBlock Origin kamili, ile ya kuzuia matangazo, na Chrome imeshaikataa, sasa sisi wa kununua bando la siku kila video ya tangazo inayojicheza ni pesa yetu inaliwa hivyo tukiangalia, na hilo linaniuma sana.

Saiti ikigoma nafungua Chromium, kivinjari ambacho code yake (maandishi ya programu) iko wazi kwa kila mtu na ndicho msingi wa Chrome, nikimaliza narudi Firefox. Tafadhali mtuwekee ukurasa wa mambo haya kila wiki.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu