Usinunue betri kwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposimulia jinsi friji ya gari, inayotumia betri, ilivyozima saa nane usiku umelala nyuma ya pikapu, ukaamka na kukuta chakula cha siku tatu kimeharibika. Pole sana. Unaniuliza ununue betri kubwa ya aina gani. Kabla hujatoa hela, soma hii barua mpaka mwisho.

Kuna jambo umeligusia kwa kupita tu: asubuhi ulipopiga stata, injini iliwaka mara moja. Betri iliyokwisha haiwashi injini, ndugu yangu. Umeme ulikuwamo, tatizo ni kwamba ulipungua njiani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu limenipata. Nilinunua betri ya pili, nikaifunga vizuri, na usiku wa kwanza friji ikazima vilevile. Nilikuja kugundua baadaye kwamba mkosaji ni waya mwembamba uliotoka mbele hadi nyuma, pamoja na lile tundu la kuwashia sigara ndani ya gari, ambalo plagi ya friji ikichomekwa hulegea kwa mitikisiko ya barabara.

Hebu piga hesabu. Kompresa, ile pampu inayopoza friji, ikifanya kazi inavuta kama ampea 5 za umeme. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, wenye urefu wa mita 5, ni mita 10 ukihesabu kwenda na kurudi, na unakula zaidi ya nusu volti. Betri ina volti 12.4, friji inaona 11.8. Baadhi ya friji, zikiwekwa kwenye kiwango cha juu cha kulinda betri (kile kinachozima friji volti zikishuka), huzima hapohapo. Waya wa milimita za mraba 6 kwa urefu huohuo hupoteza kama volti 0.15 tu. Uvute moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi uiweke karibu kabisa na betri. Tafadhali usiipuuze hiyo fyuzi, maana waya ukichubuka na kugusa bodi bila fyuzi, gari linaweza kuungua nawe umo ndani.

Kile kiwango cha ulinzi usikishushe ili friji isizime, maadamu unatumia betri inayowasha injini. Ndicho kinachokuhakikishia kurudi nyumbani.

Baada ya waya ndipo tuzungumze betri. Kwa usiku mmoja, kompresa ikiwaka na kupumzika, friji inaweza kula ampea-saa 15 hadi 25 (ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja), na joto likizidi inakula zaidi. Betri ya kuwashia injini ina bamba nyembamba, zilizotengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Kuinyonya polepole hadi chini kila safari kunaiua. Usiku mmoja kisha unaendesha, itavumilia. Ukikaa siku mbili bila kuwasha gari, hapo kweli unahitaji betri ya pili, iliyotengwa na ile ya injini. Betri ya madini ya risasi, hata ile iliyotengenezwa kutoa umeme polepole kwa muda mrefu, usitumie zaidi ya nusu ya umeme wake. Ya lithiamu inakuruhusu kutumia karibu yote, ila usiichaji kwenye baridi ya kuganda.

Na kingine: ipoze friji nyumbani kwa umeme wa ukutani tangu siku moja kabla ya safari, vitu vikiwa ndani. Kupoza vitu vya joto ndiko kunakoifanya kompresa ikose kupumzika.

Sasa naomba unifanyie hivi. Leo usiku, injini ikiwa imezimwa na kompresa inanguruma, pima volti kwenye betri, kisha pima mwisho wa waya, pale friji inapochomekwa. Niandikie namba zote mbili. Zikipishana kwa nusu volti, nunua waya. Zikiwa karibu sawa na zote ziko chini, nitakuwa nimekosea, na tutatafuta betri pamoja.

Nasubiri namba zako.

Ni mimi rafiki yako