Askari aliyeikimbia hospitali

Mhariri,

Wengi wanaowataja wanawake waliojifanya wanaume ili wapigane vita husifu ushujaa wao tu, wala hawagusii haki zao. Sarah Emma Edmonds, aliyejiandikisha mwaka 1861 katika kikosi cha askari wa miguu cha Michigan, Marekani, kwa jina la Franklin Thompson, aliuguza majeruhi na kusambaza barua za jeshi hadi mwaka 1863, alipougua malaria na, kwa kuhofia kuvuliwa nguo hospitalini, akaondoka kambini, naye akaandikwa mtoro. Malaria, si risasi! Baadaye askari wenzake walimtolea ushahidi, na mwaka 1884 Bunge likamwidhinishia pensheni ya dola 12 kwa mwezi, ambayo kwa maoni yangu ilichelewa mno.

Msomaji wenu,
Tanga