YAH: Malalamiko kuhusu mfumo wenu wa hesabu na alivyonitendea mkufunzi wenu mbele ya bodi

Mkurugenzi Mtendaji,

Nakusalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo idumu mpaka mwisho wa barua. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Morogoro mlichokiuzia mfumo wenu mwaka huu. Mkataba mnao. Kiambatanisho cha mafunzo mnacho. Sera ya huduma kwa wateja mliitunga wenyewe, kwa hiyo sitawanakilia.

Naanza na siku ya mafunzo, maana mengine yote ningeweza kuyavumilia kwa muda.

Tulikuwa ukumbini bodi nzima, kamati ya mikopo, keshia, mkaguzi wa ndani na mimi. Kompyuta yangu ilikuwa mbele yangu, NVDA, programu inayonisomea skrini kwa sauti, imewashwa, sikio moja nasikiliza hedifoni, jingine namsikiliza mkufunzi. Kila mara alisema, "Bonyezeni hicho cha kijani, halafu hicho cha pembeni." Nikanyoosha mkono, nikamweleza kwa adabu kwamba mimi sioni, natumia kisoma skrini, na vitufe anavyovitaja havina majina: kisoma skrini kinatamka "batani, batani, batani", basi. Hakunijibu mimi. Alimgeukia mwenyekiti akasema, "Huyu mama mtafutieni mtu wa kumsomea." Kisha akainama juu ya kompyuta yangu, akaizima NVDA bila kuniomba ruhusa, akaendelea na somo.

Kufanya hivyo ni kama kuingia ofisini kwa mtu usiku, ukazima taa, halafu ukamuuliza mbona haandiki.

Msije mkanijibu kwamba hamkujua kuna mtumiaji asiyeona. Wakati chama kinachagua mfumo, ni mimi niliyeandika vigezo vya upande wa hesabu, na barua ile ipo kwenye jalada lenu la zabuni. Niliuliza kama mfumo unatumika wote kwa kibodi bila kipanya. Niliuliza kama vitufe na visanduku vya kujazia vina majina yanayosomeka na NVDA. Niliuliza kama ripoti zinatoka kwa Excel au kwa maandishi, siyo kwa picha. Nikaomba tupewe mfumo wa majaribio niuguse mwenyewe kabla chama hakijalipa hata shilingi. Ofisa mauzo wenu alijibu kwa barua pepe kwamba mfumo "unazingatia viwango vyote vya kimataifa" na kwamba majaribio hayana haja, onyesho linatosha. Onyesho lenyewe likawa video. Video! Muziki mwanzo hadi mwisho, hakuna anayeongea.

Viwango vya kimataifa vipi? Ninavyovijua mimi ni WCAG, vya shirika la W3C linalotunga viwango vya wavuti, vya kuhakikisha kurasa zinatumika na watu wenye ulemavu, ambavyo vipo tangu mwaka 1999 na toleo la 2.2 limetoka mwaka 2023. Humo imeandikwa wazi kwamba picha yenye kazi iwe na maelezo ya maandishi, kisanduku kiwe na jina, na kila kinachofanyika kwa kipanya kifanyike kwa kibodi pia. Havihitaji mitambo ya ajabu. Fundi anayejua kazi yake anakipa kitufe jina kwa mstari mmoja wa msimbo.

Dawati lenu la msaada liliniambia tatizo ni NVDA "kwa kuwa ni ya bure", na kwamba chama kininunulie JAWS, kisoma skrini cha kulipia. Naomba muwafundishe vijana wenu jambo moja. NVDA ni ya bure kwa sababu walioianzisha kule Australia mwaka 2006 ni watu wasioona, waliochoka kuona kompyuta inawagharimu mara mbili ya inavyowagharimu wengine. Ubure wake hauipunguzii uwezo. Inasoma Windows, inasoma Excel mpaka jina la seli, inabebeka kwenye flashi, na ina sauti ya Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu kidogo, nakubali, lakini inatamka majina ya wanachama wetu vizuri kuliko mkufunzi wenu alivyoyatamka.

Hata hivyo nilijaribu na JAWS, ile ya majaribio inayokupa dakika 40 kisha inakutaka uwashe kompyuta upya. Batani, batani, batani. Haiwezi kuwa vingine. Kisoma skrini hakina macho. Kinaiuliza programu, "Hapa pana nini?" na programu inajibu alichoandika aliyeitengeneza. Mtengenezaji asipoandika kitu, kisoma skrini kitabaki kubahatisha, na mimi siidhinishi fedha za wanachama kwa kubahatisha.

Na hapa si suala la urahisi tu. Kwenye ukurasa wa kuidhinisha mikopo mmeweka alama mbili pembeni ya kila ombi, ya vema ya kijani na ya mkasi nyekundu, zote hazina jina. Maana yake mimi, mhasibu ninayewajibika kwa bodi na kwa mkaguzi, siwezi kutofautisha kuidhinisha na kukataa. Nikibonyeza herufi T kutafuta jedwali la marejesho, naambiwa ukurasa hauna jedwali, kwa kuwa mmepanga visanduku vikafanana na jedwali kwa macho tu. Salio nalisikia, ila sijui ni la mwanachama gani. Tarehe haiandikiki, lazima uichague kwenye kalenda kwa kipanya. Urari wa mwisho wa mwezi unatoka kama picha. Kabla yenu nilikuwa nafunga hesabu za mwezi kwa programu ya zamani na Excel, peke yangu, usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, humohumo, na mkaguzi wa nje alikuwa anasaini. Programu ile ilikuwa na sura ya kizee, lakini kila kitu chake kilikuwa na jina.

Narudi ukumbini, kwa sababu hapo juu nimeandika nusu tu, na nilifanya hivyo kwa staha.

Alipoizima NVDA, mkono wangu ulikuwa bado juu ya kibodi. Aliushika kifundoni, akauondoa, akauweka mezani kama anavyoondoa faili. Hedifoni ikachomoka. Nikabaki napapasa waya wake huku somo likiendelea, mbele ya watu ambao kila mwaka nawasomea taarifa ya fedha ya chama. "Huyu mama mtafutieni mtu wa kumsomea." Huyu! Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Mimi ndiye niliyemkaribisha asubuhi na kumwonyesha pa kuchomeka projekta.

Kisha ikafika zamu ya kila mtu kuweka nywila yake. Wenzangu waliandika za kwao kimyakimya. Kwangu akasema, "Mama, wewe taja tu, keshia atakuandikia." Nikakataa. Keshia, Mungu ambariki, akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye ukurasa wenu wenyewe wa kuingilia: usimpe mtu yeyote nywila yako. Mkufunzi wenu akacheka. "Basi mama usijali, naibadilisha huku kwangu." Akaingia kwa akaunti ya msimamizi, akaniwekea nywila mpya, na akaitangaza ukumbi mzima usikie: jina langu la kwanza, halafu moja mbili tatu. Baadhi ya watu wakacheka naye. Mwenyekiti hakucheka.

Mnajua kilichofuata, maana mkaguzi wetu wa ndani aliwaandikia. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha mikopo iliyoidhinishwa kwa jina langu saa ambazo nilikuwa benki. Waombaji wapo, na mikopo yenyewe mkaguzi ameikuta halali, lakini kidole kilichobonyeza si changu na jina lililoandikwa ni langu. Mtaniuliza kwa nini sikuibadili nywila jioni ileile. Kwa sababu ukurasa wa kubadili nywila unanitaka niandike herufi zilizofichwa ndani ya picha ili nithibitishe kwamba mimi ni binadamu! Sauti mbadala hamkuweka. Mfumo wenu, Mkurugenzi, unanikatalia ubinadamu na unamkubali yeyote aliyekuwa ukumbini siku ile.

Nilifungua tiketi. Ikajibiwa, "Tumia kipanya," na kufungwa kwa maelezo kwamba imetatuliwa. Nikafungua nyingine, nikaambiwa jambo hilo lipo kwenye mipango ya baadaye. Nilipopiga simu niliambiwa niongee na ofisa mauzo, naye akaniambia niongee na dawati la msaada. Katikati ya mizunguko hiyo ankara ya ada ya mwaka ilifika kwa wakati, bila kasoro. Hiyo ilikuwa kwa maandishi, NVDA iliisoma vizuri kabisa. Kumbe mkitaka mnaweza.

Basi naomba yafuatayo ndani ya siku 14. Barua ya kuniomba radhi, nakala kwa bodi, ikitaja kilichotendeka na siyo "usumbufu uliojitokeza". Nywila yangu ibadilishwe kwa njia ambayo nitaiandika mimi mwenyewe bila mtu wa kati. Vitufe, visanduku na majedwali ya kurasa za mikopo, marejesho na usuluhishi vipewe majina, na kabla ya kusema mmemaliza, mumwite mtu asiyeona avijaribu kwa NVDA huku kipanya kimechomolewa. Kisha mafunzo yarudiwe kwangu, na mkufunzi mwingine.

Hayo nimeyaandika kama ombi. Nimeyasikiliza tena na naona nimekuwa mpole kuliko mlivyostahili.

Nimewashauri bodi wasilipe ankara ya ada ya mwaka mpaka haya yakamilike, na bodi imekubali. Fedha ya mafunzo tuliyokwisha kulipa irudishwe, kwa kuwa kiambatanisho kinasema mafunzo ni kwa watumiaji wote, na mtumiaji mkuu wa hesabu hakufundishwa. Alizimiwa kompyuta. Kama kurasa haziwezi kurekebishwa, semeni hivyo waziwazi, mturudishie gharama ya mfumo na mtukabidhi data zetu zote kwa Excel ili tuchague mfumo mwingine. Safari hii nitaugusa kwanza.

Na zile siku 14 nazifuta. Ziwe saba.

Siku ya nane mkaguzi wetu atapeleka suala la nywila na kumbukumbu za idhini kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya mwaka 2022 mnaijua, au mnapaswa kuijua, kwa kuwa mmekabidhiwa taarifa za wanachama wa vyama chungu nzima. Ahadi ya ofisa mauzo kuhusu viwango vya kimataifa itakwenda Tume ya Ushindani, pamoja na barua pepe yake. Nakala itafika Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa sababu vyama vingine vinafikiria kununua kwenu na ni haki yao kujua wanachonunua. Kuhusu mimi binafsi nitazungumza na mwanasheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Fanyeni hesabu. Wateja wenu wakubwa wote wanatakiwa kuajiri watu kama mimi, nanyi mnawauzia mfumo ambao watu kama mimi hawawezi kuufungua. Na nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu tangu 2009, ambao kifungu chake cha 9 kinataja teknolojia ya habari kwa jina.

Mkufunzi yule sitaki afukuzwe kazi. Nataka aje Morogoro, akae ukumbi uleule mbele ya watu walewale, aniambie mimi, siyo mwenyekiti, kwa nini alinishika mkono.

La mwisho ni la utaratibu. Jibu lenu la awali lilikuja kama karatasi iliyopigwa picha na kuhifadhiwa kwa PDF. NVDA iliniambia ukurasa ni mtupu. Sikutaka kusomewa na mtu barua inayonihusu, kwa hiyo mpaka leo yaliyomo siyajui na nayahesabu hayakuandikwa. Jibu la barua hii litumwe kwa maandishi ya kawaida ndani ya barua pepe. Saini ya picha na muhuri vinaweza kufuata baadaye.

Wenu,

Mhasibu,
Chama cha Akiba na Mikopo, Morogoro

Nakala:
Mwenyekiti wa Bodi
Mkaguzi wa Ndani
Mwanasheria wa Chama