Shukrani kwa mzee wa Fort Jesus

Mzee wangu, jina sikukuuliza, ila shukrani zikufikie popote ulipo Mombasa. Watoto walishachoka na jua, wanadai madafu tu, ndipo ukawapeleka kwenye vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo. Kitindamimba wangu sasa kila jahazi analoliona anauliza limebeba nini! Tena ukatuelekeza jioni twende Mama Ngina, pale ufukweni, tule mihogo tukitazama meli kubwa zikiingia Kilindini. Pilipili ilituunguza, na bado tuliongeza sahani. Hela ya soda ukaikataa katakata. Haya, Mwenyezi Mungu akuzidishie afya.